Mistari ya Katikati

"Chambua nyembamba zaidi, Grâce. Hiyo ni kamba ya kufungia mbuzi," alisema Huguette bila kugeuza macho.

Grâce alicheka. Alilirudisha fungu la nywele za kuongezea mapajani, akaligawa tena. Mbele yake, kwenye kiti chekundu kilichokuwa karibu na dirisha, alikaa MaNgcobo, mama wa Kizulu aliyeuza dawa za mitishamba kule juu ya daraja. Upande wa kushoto wa kichwa chake alisimama Huguette. Upande wa kulia alisimama Odette, mdogo wake mama yake Grâce. Kila mmoja alikuwa ameanzia sikioni. Mistari ilipanda kutoka shingoni kwenda utosini, mmoja baada ya mwingine, ikaendelea kusogea mpaka ikakaribia kukutana kisogoni.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Chini barabarani teksi za Warwick zilipiga honi na makonda waliita abiria. Saluni ya Mama Marcelline ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la simu. Kila Jumamosi Grâce, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuja hapo kusaidia. Alichambua nywele, alifagia sakafu, na alitafsiri. Kazi hiyo ya kutafsiri ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa amezaliwa Durban, na Kizulu alikizungumza kama Kiswahili cha nyumbani kwao. Odette na Huguette walikuwa na miaka miwili tu katika mji huu. Kizulu chao kilitosha kusalimia na kutaja bei.

Wasichana hao wawili walitoka kilima kimoja huko Makamba, kusini mwa Burundi. Mashamba ya mama zao yalipakana. Walichota maji kwenye chemchemi moja, wakapanda basi moja kuja kutafuta kazi, wakiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Walipofika, walisimama miezi mingi kwenye taa za barabarani, ambazo hapa kila mtu huziita roboti. Walishika ubao wenye picha za mitindo ya nywele na kuwaita wapita njia: "Sista, woza! Njoo usukwe!" Jioni walirudi wamekauka koo. Ndipo Mama Marcelline, Mkongo wa Uvira, alipowaona wakisuka kichwa kimoja pamoja kwenye ua wa kanisa. Alisimama akawatazama mpaka mwisho, kisha akawapa kiti chekundu.

Siri ya kusuka kwao ilikuwa wimbo. Huko kwao, maharage yanapokauka, wanawake husimama safu mbili zikitazamana na kuyapiga kwa fimbo. Safu moja huuliza kwa wimbo: "Jembe lako umeliacha wapi?" Safu ya pili hujibu: "Limebaki shambani, kesho nitalifuata." Wimbo huo huzifanya fimbo zishuke kwa zamu, zisigongane. Odette na Huguette waliuimba polepole, kwa sauti ya chini, na vidole vyao vilikwenda sawasawa. Mteja aliposhuka kitini, hakuna aliyeweza kusema mkono wa huyu uliishia wapi na wa yule ulianzia wapi.

Siku hiyo mistari mitatu tu ilikuwa imebaki kisogoni wakati sauti ya Mama Marcelline ilipopanda kutoka chini.

"Odette! Maboksi ya nywele yamefika. Shuka unisaidie!"

Odette alishuka. Muda mfupi baadaye mteja mwingine aliita kutoka kwenye sinki, povu likimwingia machoni. Huguette alimkimbilia. MaNgcobo alikuwa amesinzia, kidevu kifuani.

Grâce aliitazama ile nafasi ya katikati. Alikuwa ameona mistari mingi ikisukwa. Alikuwa pia amesikia wateja wengi wakisema, "Kaza, ikae muda mrefu." Alinawa mikono haraka kwa maji ya bomba, akasimama nyuma ya kiti, akaanza. Alizivuta nywele kwa nguvu zake zote. Wimbo hakuimba. Mistari mitatu ilikwisha upesi sana, na ilionekana imenyooka. Alirudi mahali pake akaketi, moyo ukimdunda kwa furaha. Aliwaza, "Wataona. Watauliza ni nani. Nitanyamaza kwanza, halafu nitasema."

Huguette alirudi, akaona kichwa kimekwisha, akafunga nywele za utosini. Odette alipanda na maboksi, akaona kichwa kimekwisha, akaleta kioo. Hakuna aliyeuliza. MaNgcobo aliamka, akajitazama, akashukuru, akaondoka akishika kisogo chake kidogo. Grâce alienda nyumbani ameudhika kwamba hakusifiwa. Hata hivyo, njiani aliona ni sifa kubwa zaidi ikiwa kazi yake haitofautiani na ya wakubwa.

*

Jumamosi iliyofuata MaNgcobo alirudi akiwa amefunga kitambaa. Alikaa kwenye kiti chekundu bila kukaribishwa, akakifungua.

"Eish," alisema, akainamisha kichwa.

Kisogoni, kando ya mistari ile mitatu, ngozi ilikuwa imevimba. Vipele vidogo vyekundu vilikuwa vimejipanga kwenye mizizi ya nywele, na mahali pamoja nywele zilikuwa zimeanza kung'oka. Odette alishika mdomo.

MaNgcobo alianza kusema kwa Kizulu, taratibu, akimtazama Grâce.

"Waambie sikuja kugombana. Waambie pande zote mbili ni safi, nimelala vizuri juu yake. Hii mistari ya katikati ndiyo iliyoninyima usingizi. Na waambie mikono iliyonisuka hapa ilikuwa midogo, tena ya baridi. Nilikuwa nasinzia, sikuwa nimekufa."

"Anasemaje?" aliuliza Odette.

Grâce aliokota fungu la nywele. "Anasema pande zote mbili ni safi. Mistari ya katikati ndiyo iliyomuumiza."

"Na nini tena? Mbona amesema maneno mengi?"

"Ni hayo tu, tantine."

Tantine ndilo jina ambalo watoto wa Warundi na Wakongo wa jengo lao waliwaitia mama zao wadogo. Grâce alilitamka kila siku. Leo alilitamka bila kumtazama Odette.

Odette na Huguette waliifumua mistari ile kwa uangalifu, wakaosha ngozi kwa maji ya vuguvugu, wakaacha nywele za hapo wazi zipumzike. MaNgcobo alipokwisha kuondoka, Odette alikunja taulo. Aliikunja vizuri mno, kama mtu anayetafuta maneno.

"Huguette, ile ya katikati ungenisubiri."

"Ningekusubiri wewe? Mimi nilikuwa kwenye sinki. Niliporudi, ilikuwa imekwisha."

"Na mimi niliporudi, ilikuwa imekwisha. Basi imejisuka?"

"Usinicheke, Odette."

"Sicheki. Tangu nyumbani una mkono wa kukaza. Hata mzigo wa kuni uliufunga mpaka ukakata kamba."

"Na wewe tangu nyumbani una tabia ya kusukumia wenzako makosa. Ule mtungi wa mama ulipovunjika, nani alipigwa?"

Odette alimgeukia Grâce. "Wewe ulikuwa hapa. Nani alimalizia?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Grâce aliujua. Aliyaona maneno yake mwenyewe yamesimama mbele yake, machache na mepesi. Lakini aliviona pia vile vipele, na akaogopa.

"Sikuangalia," alisema. "Nilikuwa nachambua nywele."

Mama Marcelline alikuwa amesimama mlangoni na mkate kwapani. Alisikiliza mpaka wote wawili wakachoka.

"Mabinti," alisema, "kile kiti niliwapa ninyi wawili kwa sababu mnasuka kama mtu mmoja. Saluni iko na viti vichache, na huko chini kwenye roboti wako wasichana wengi wanangojea. Kama sasa mmekuwa watu wawili, kiti kitakuwa cha mmoja. Jumatatu nitachagua."

"Usisumbuke kuchagua, mama," alisema Huguette. Aliokota kitana chake na kukifunga ndani ya kitenge. "Clairwood kuna ghala la nguo za mitumba, wanatafuta watu wa kukunja. Nitaenda huko."

Usiku huo Huguette hakulala kwenye godoro walilolalia pamoja yeye na Odette sebuleni kwa akina Grâce. Alishuka kwa dada mmoja wa kanisani aliyeishi ghorofa ya pili ya jengo lilelile.

*

Kila Jumapili alasiri nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Odette aliweka simu mezani, akaiegemeza kwenye kikombe, akampigia mama yake. Kule kilimani, Mama Huguette, ambaye hakuwa na simu, alipanda kutoka bondeni baada ya ibada, akaketi kando ya bibi yake Grâce. Hivyo binti wawili waliongea na mama wawili kwa pamoja. Waliulizana kuhusu mvua, kuhusu mihogo, kuhusu ng'ombe wa jirani aliyezoea kuvunja ua. Mwishoni mama waliimba swali la wimbo wa maharage, na binti wakajibu. Grâce hakuwahi kufika kilima kile. Lakini kwa sababu ya Jumapili hizo alijua jinsi jogoo wa bibi anavyowika na jinsi mlango wa jikoni unavyolia ukifunguliwa.

Jumapili hii Odette alikaa mbele ya simu peke yake. Yvette, mama yake Grâce, alikuwa akipepeta mchele karibu na dirisha.

"Mko wazima?" ilisema sauti ya bibi. "Na Huguette yuko wapi? Mama yake yupo hapa, amewahi leo."

"Huguette yuko kazini, mama," alisema Odette.

"Jumapili?"

"Kazi ilikuwa nyingi."

Kisha ikaja sauti ya Mama Huguette, ya upole, ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Haidhuru. Nitamsubiri. Nilitaka kumwambia tumevuna lile shamba alilolilima kabla ya kuondoka. Maharage yametoka mazuri. Nimemwekea mbegu."

Odette aliinamisha uso. Grâce alimtazama tantine wake, ambaye hakuwa na tabia ya kusema uongo. Sasa alikuwa ameusema kwa mama yake mzazi, tena siku ya Jumapili. Na uongo huo, Grâce alijua, ulizaliwa na wake mwenyewe. Alimwona akilini yule mama aliyepanda kilima, ameketi kwenye kigoda, akimsubiri mtu aliyekuwa ngazi chache tu chini ya meza hii.

"Tantine," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mistari ya katikati. Ni mimi niliyeisuka mlipokuwa mmetoka. Na MaNgcobo alisema. Alisema mikono ilikuwa midogo na ya baridi. Sikutafsiri."

Ungo wa Yvette ulisimama. Odette aliitazama mikono ya Grâce kana kwamba anaiona mara ya kwanza. Hakupiga kelele.

"Vaa viatu," alisema. Kisha akaichukua simu. "Mama, msikate. Tunamfuata Huguette."

Walishuka ngazi, simu ikiwa wazi mkononi mwa Odette. Huguette alifungua mlango. Nyuma yake begi lilikuwa sakafuni, limejaa nusu. Odette alimsogeza Grâce mbele.

Grâce alisema yote tena. Mara hii ilikuwa vigumu zaidi, kwa sababu Huguette hakumsaidia hata kwa kutikisa kichwa.

"Tangu jana namwona rafiki yangu mwongo," alisema Huguette alipomaliza. "Na yeye ananiona mimi hivyohivyo. Wewe ulikuwa katikati yetu, umekaa tu unatutazama."

"Ndiyo," alisema Grâce, na machozi yakamtoka.

"Usilie. Sijasema nimekusamehe, na sijasema sitakusamehe. Nina hasira kwanza."

"Huguette?" ilisema simu. "Ni wewe, mwanangu? Kazi imekwisha?"

Huguette aliipokea simu kwa mikono miwili, akaenda nayo dirishani. Kwa muda mrefu alisema tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama." Aliposikia habari ya mbegu, alikaa chini sakafuni, kando ya begi. Halafu kule kilimani sauti mbili za kizee zilianza: "Jembe lako umeliacha wapi?"

Odette alijibu wa kwanza. Huguette aliingia katikati ya mstari, sauti ikikwaruza, wakamalizia pamoja.

*

Jumatatu, shule ilipotoka, Grâce alikwenda moja kwa moja saluni. Mama Marcelline alikuwa amekwisha kusikia kila kitu.

"Mimi nimesikia," alisema. "Lakini mwenye kichwa bado hajasikia. Twendeni."

Walipanda wote wanne, Odette na Huguette wakiwamo, hadi juu ya daraja, kati ya mafungu ya mizizi na maganda ya miti. Wabeba mizigo walipita wakisukuma matoroli na kuomba njia. MaNgcobo alikuwa akifunga vifungu vya majani makavu ya kufukiza. Grâce alipiga magoti kwa heshima, akasema kwa Kizulu kwamba mikono ile midogo ilikuwa yake, na kwamba anaomba msamaha kwa maumivu na kwa maneno aliyoyaficha mpaka Odette na Huguette wakakosana.

"Nilijua," alisema MaNgcobo.

"Ulijua? Mbona hukusema, Ma?"

"Nilisema. Nilikupa wewe uwaambie."

MaNgcobo alifunga kifungu kimoja zaidi, akakiweka kwenye safu.

"Sasa nitasema tena, na wewe utatafsiri mbele yangu. Usipunguze. Waambie mtoto huyu ana vidole vyepesi, na akijifunza kutokaza atasuka vizuri. Waambie nywele hutoka kwenye ngozi iliyo hai, hazivutwi kama kamba ya gunia. Waambie pia hivi. Unawaona wale wabeba mizigo? Wakipewa magunia kumi pale chini, hufikisha kumi. Anayeshusha moja njiani kwa sababu ni zito hapewi tena mzigo. Mtoto huyu nilimpa maneno yangu ayabebe. Lile zito akalishusha njiani. Watu wawili waliotoka mbali pamoja wakakaribia kuachana kwa ajili yake."

Grâce aliwageukia Odette na Huguette. Alianza na vidole vyepesi, kisha ngozi, akafika kwenye wabeba mizigo, na hapo sauti yake ikapungua.

MaNgcobo alikunja uso. "Mbona kwa Kiswahili ni fupi?"

"Kiswahili ni kifupi, Ma."

"Hm. Rudia."

Huguette ndiye aliyecheka wa kwanza, ingawa alijitahidi kujizuia. Grâce alirudia kila neno: mzigo, njia, lile zito lililoshushwa, watu wawili. Alipomaliza, MaNgcobo alitikisa kichwa, ameridhika.

"Sasa limefika," alisema. "Ngozi ikipona, nitarudi. Nataka upande wa kulia na upande wa kushoto, kama zamani. Na katikati mtu aniimbie."

Waliporudi saluni, Mama Marcelline aliupangusa vumbi ule ubao wa picha za mitindo na kuuegemeza ukutani.

"Kiti ni cha wawili," alisema. "Grâce, wewe utaendelea kutafsiri. Kusuka utajifunza, lakini utaomba kwanza. Kutojua si kosa, mwanangu. Hata mimi niliharibu vichwa vya watu Uvira. Lakini niliyemuumiza nilimwambia, ili aliye karibu nami asilipie mkono wangu."

"Ndiyo, mama."

Wateja walikuwa wamepungua. Odette alivua kitambaa chake, na Grâce akashangaa. Nywele za tantine wake zilikuwa hazijasukwa kwa muda mrefu. Msusi huhudumia kila kichwa isipokuwa chake.

"Mara ya mwisho kusukwa na mtu aliyenijua ilikuwa kwa mama, asubuhi ya kuondoka," alisema Odette, akaketi kwenye kiti chekundu. "Ile mistari nilikaa nayo mpaka ikaanza kushikamana. Niliogopa kuifumua. Huguette, chukua kushoto. Grâce, njoo kulia. Nawa kwa maji ya moto kwanza, usiniletee barafu."

Huguette alianza wimbo kwa kuuliza. Grâce alijibu kwa aibu, na Huguette akampiga kiwiko kidogo.

"Polepole. Kidole kisitangulie neno. Akikunja uso, legeza."

Walisuka hivyo, wakiuliza na kujibu. Mistari ya Grâce ilipinda hapa na pale, lakini Odette hakukunja uso hata mara moja. Alikuwa amefumba macho. Hata honi za teksi hakuonekana kuzisikia.

Mwanga ulipoanza kupungua dirishani, Mama Marcelline alichukua funguo. "Mtoto ana shule kesho. Fungeni."

"Bado katikati," alisema Grâce.

"Katikati itangoja," alisema Odette. Alipapasa kisogo chake, mahali palipokuwa bado wazi, akatabasamu, akakifunga kwa kitenge kichwa chake kilichosukwa nusu. Huguette alikuwa akikusanya vitana, chake na cha rafiki yake, akivitia katika mfuko mmoja.

Wakishuka ngazi, Huguette aliuliza kwa wimbo, bila kugeuka nyuma, jembe limeachwa wapi. Mara hii Grâce hakungoja kuambiwa ajibu.

"Limebaki shambani," aliimba. "Kesho nitalifuata."